Mwalimu na Leseni ya Mwaka Mmoja

Mwalimu hakuwa mtu wa kukaa na kitu cha mwenzake. Ukimwazima bisibisi asubuhi, utaikuta mezani kwako kabla ya chakula cha mchana, imepanguswa. Niliwahi kumwona akivuka mji wa Lodwar kwa miguu, jua la saa saba likimchoma kisogo, kwenda kumrudishia fundi wa redio kipande cha waya wa kulehemu kilichokuwa kimebaki. Fundi mwenyewe alikuwa ameshakisahau. "Ungekiacha tu, Mwalimu," alimwambia. Mwalimu akajibu kwamba hajui kulala na kitu cha mtu ndani ya nyumba.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo ambalo watu wa Lodwar wangekuambia kwanza ukiwauliza habari zake, na kwa sababu ni kweli. Haya mengine ninayoyajua mimi ni kweli pia. Nimejaribu kwa miaka kuyaunganisha na nimeshindwa.

Alinifundisha fizikia nikiwa kidato cha tatu. Nilipomaliza chuo nikapangiwa kufundisha shule ileile, nilimkuta kwenye kiti kilekile cha chumba cha walimu, chini ya feni ambayo haikuwa ikizunguka hata zamani zetu. Sasa alikuwa mkuu wa idara ya sayansi. Mbele ya wanafunzi aliniita Madam. Tukiwa wawili aliniita mtoto. Mimi sikuweza kumwita kwa jina lake hata siku moja, na hapa pia sitaliweka.

Alikuwa ametoka kule ambako sisi Waturkana tunakuita Kenya, yaani ng'ambo ya Kitale, kama vile sisi tuko nchi nyingine. Alikuja akiwa kijana na hakuondoka. Pamoja na miaka yote hiyo, Kiturkana chake kilikuwa salamu na kuhesabu tu. Alisema "Ejok" kwa kila aliyekutana naye, hata polisi, hata watoto wa kuchota maji. Shida ilikuwa pale mtu alipomjibu na kuendelea kuzungumza. Mwalimu angeitikia kwa kichwa kana kwamba anafuata. Siku moja mama mmoja jirani alimwuliza jambo kwa maneno mengi, akaitikia hivyo hivyo, na kesho yake mama akamletea mbuzi wake uani. Alikuwa amemwomba amtunzie hao mbuzi, ili yeye mama aende Kerio kumwona binti yake aliyejifungua. Mwalimu alikaa na mbuzi wale mpaka mama aliporudi. Aliwapa majani ya mti wa uani kwake na maji ya tangi lake mwenyewe, wakati mashine ya kisima cha mji ilikuwa imekufa na sisi wengine tunanunua maji kwa mkokoteni. Mbuzi walinona. Mama alimpa mmoja kwa shukrani, akakataa.

Darasani alikuwa mkali kwa jambo moja tu, nalo ni namba. Ungeweza kuchelewa, ungeweza kusinzia, lakini ole wako uandike kipimo ambacho hukukipima. "Usiidanganye namba," alituambia, "itakwenda kukusema mahali usipokuwepo." Wakati mmoja wanafunzi wake walishinda mashindano ya sayansi ya wilaya. Baadaye akagundua kwamba voltimita waliyoitumia ilikuwa na kasoro. Hakuna aliyejua ila yeye. Alikwenda kwa waamuzi mwenyewe akawaambia, na wanafunzi wakanyang'anywa nafasi ya kwenda Nairobi. Mmoja wao alilia mbele yake. Mwalimu alimkalisha, akamnunulia chai, na hakubadili neno.

Kwa vyeti alikuwa na dharau ya wazi. Walimu wenzetu wengi walikuwa wakisoma shahada za likizo ili wapandishwe cheo, na yeye aliwacheka. Shahada, alisema, ni karatasi nzuri ya kufungia mandazi. Mimi nilipomwambia, mwaka 2012, kwamba nimepata mfadhili wa shahada ya uzamili, nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Aliniuliza nitasoma nini, nikamwambia leza za semikondakta, naye akasema, "Hiyo ni kazi ya maana, mtoto."

Wazo hilo lilikuwa limetoka kwake. Shuleni kulikuwa na redio ya CD iliyoimba vizuri asubuhi na kuanza kurukaruka mchana. Tukiwa wanafunzi alitufungulia ile redio na kutuonyesha kijicho kidogo kinachosoma CD. Nyuma ya kijicho hicho, alituambia, mna kipande cha kitu kama fuwele, kidogo kuliko chembe ya sukari, ambacho ukikipitishia umeme kinatoa mwanga mwembamba ulionyooka. Hiyo ndiyo leza. Joto la Lodwar linaichosha. Inachoka vipi, na ungeitengenezaje isichoke, hakujua. Swali hilo lilikaa nami tangu kidato cha tatu mpaka nikaliandika kama mada ya tasnifu.

Lakini huwezi kutengeneza leza Lodwar. Hata chuo nilichojiandikisha, huko Kenya, hakikuwa na maabara ya kazi hiyo. Msimamizi wangu alisema njia ni moja, kuiigiza leza ndani ya kompyuta. Unaieleza programu tabaka za leza yako zina unene gani na zimetengenezwa kwa kitu gani, unaieleza joto, nayo inakupigia hesabu mwanga utakaotoka. Programu zenyewe zipo, alisema, tafuta mojawapo. Nikaandikia kampuni kubwa inayoiuza. Bei waliyonitumia ilikuwa ya kununua gari, na ingekuwa yangu kwa mwaka mmoja tu.

Hapo ndipo Mwalimu alipoingia. Aliichukua shida yangu kama yake. Mtandao wa Lodwar ulikuwa wa modemu, wa kusoma ujumbe tu, kwa hiyo tukawa tunakwenda Kakuma. Ndani ya kambi ya wakimbizi, upande wa Wakongo, kulikuwa na saiba, duka la intaneti, yenye sahani kubwa juu ya paa la mabati. Mwenyewe alikuwa mkimbizi wa makamo ambaye kila mtu alimwita Papa. Tulipata lifti kwa malori ya chakula cha msaada, tukafika tumejaa vumbi mpaka kwenye kope, na Papa alitupa maji ya kunawa kabla ya kutupa kiti.

Tulijaribu kila kitu. Programu ya majaribio ilifanya kazi vizuri mwezi mmoja kisha ikajifunga. Chuo fulani cha ng'ambo kilikuwa na yake ya bure, lakini ilitaka kompyuta ya aina ambayo sote wawili hatukuwahi kuiona. Nyingine ilikuwa ya kutumia papo hapo mtandaoni. Unaingiza namba zako, mashine za huko mbali zinapiga hesabu, unarudishiwa jibu. Mara zote mtandao ulikatika kabla jibu halijafika. Mwenye duka moja la simu mjini Lodwar alisikia habari zetu akacheka. "Madam, hiyo mambo ni ndogo," aliniambia. "Mimi nitakupatia ile imevunjwa, unaweka tu, hakuna kulipa mzungu." Aliniletea kwenye CD. Mwalimu aliitoa mkononi mwangu kabla sijaiweka kwenye mkoba.

"Mrudishie," alisema. "Sisi si wezi."

Nikamrudishia.

Mwishowe tukapata kampuni ndogo, ya watu wachache tu, iliyotoa leseni ya bure ya mwaka mmoja kwa watafiti wa nchi kama yetu. Leseni moja kwa kila taasisi. Masharti yalikuwa mawili. Mkuu wa idara athibitishe kwamba mwombaji ni mtafiti wa kweli, na programu ikishafunguliwa kwenye kompyuta moja, haihami. Niliandika ombi langu kwa juma zima, nikalirekebisha, nikampa Mwalimu alithibitishe na kulituma kutoka anwani ya barua pepe ya shule, ambayo yeye ndiye aliyekuwa akiifungua.

Tukangoja. Mimi nilikuwa nikimwuliza kwa macho tu kila tukikutana mlangoni. Siku moja, baada ya gwaride la asubuhi, aliniita kando. Aliniangalia usoni.

"Wamekataa," alisema.

"Kwa nini?"

"Hawakusema. Watu wa huko hawaoni haja ya kutueleza sisi."

Nilijizuia kulia kwa sababu wanafunzi walikuwa wakipita. Mwalimu akanishika bega. "Tutaandika yetu," alisema. "Kwani wao waliandika kwa nini? Si kwa hesabu?"

Na kweli tukaanza. Kila Jumamosi alikuja maabara na chupa yake ya chai, akanifundisha hesabu ambazo chuo kilikuwa kimenipitisha juujuu. Elektroni zinaingia kwenye tabaka jembamba la katikati, alieleza, kama maji yanavyoingia tangini. Nyingine zinageuka mwanga, nyingine zinapotea zikiwa joto. Andika kinachoingia, toa kinachotoka, utajua kilichobaki. Mimi niliziandika hesabu hizo ndani ya programu ya bure ya mahesabu ambayo hata kompyuta yangu kuukuu iliibeba. Siku mstari wa kwanza wa mwanga ulipopanda kwenye skrini, tulikaa tukiutazama kama watu waliowasha moto kwa mara ya kwanza. Sijawahi kufundishwa vizuri vile, kabla wala baada. Nalisema hilo ingawa linaniuma kulisema.

Ila kazi ilikwenda polepole. Nilikuwa na vipindi vya kufundisha, na kila kosa moja lilikula majuma. Kisha Mwalimu akaanza kukosa Jumamosi. Alisema ana mgonjwa Kakuma. Mfadhili wangu alitaka sura ya matokeo kabla ya mwaka kwisha, na mwaka uliisha nikiwa na mstari mmoja usioaminika. Mwanzoni mwa 2013 waliniandikia kwa upole kwamba wameikabidhi nafasi yangu kwa mwingine. Mwalimu alipopata habari aliniambia nisikate tamaa.

Baada ya uchaguzi wa mwaka ule nilipeleka wasichana wa mpira Kakuma. Walipokuwa wakipumzika nikapita saiba kumsalimu Papa. Alinipangusia kiti.

"Karibu, mama mwalimu. Mulipotea sana. Na ile programu yenu ya leza, inatembea muzuri?"

"Ipi, Papa?"

"Ile ya bure, ya kampuni ya ng'ambo. Si miye njo nilimusaidia Mwalimu kuiteremusha hapa? Ilikula siku muzima, mtandao inakatika, inarudi. Tukaifungulia kwa kompyuta yake, ikakubali." Alicheka akikumbuka. "Alifurahi, mama. Alinunulia bantu bote soda. Alisema, hii ni leseni ya mtoto wangu wa shule, amepata."

Nilimwuliza ilikuwa lini. Alifikiri, akasema ni wakati ule mto ulipofurika barabara ikafungwa. Nami nikakumbuka vizuri, kwa sababu ilikuwa siku chache kabla Mwalimu hajaniita kando baada ya gwaride.

Sikumbuki nilimuaga Papa kwa maneno gani. Nakumbuka safari ya kurudi, wasichana wakiimba nyuma ya lori kwa sababu walikuwa wameshinda, na mimi nikihesabu Jumamosi. Kila Jumamosi aliyokuja na chupa yake ya chai, programu ilikuwa tayari nyumbani kwake, imefunguliwa. Nilijiuliza pia jambo ambalo bado najiuliza. Alipomwambia Papa kwamba ni leseni ya mtoto wake wa shule, alikuwa anasema kweli. Pengine aliifungua kwenye kompyuta yake kwa sababu mimi sikuwepo na mtandao ulikuwepo. Pengine aliondoka Kakuma akija kunipa. Sijui ni sehemu gani ya barabara ile alipobadili nia, au kama aliwahi kuwa na nia nyingine.

Jumatatu nilimkuta maabara akisuuza vikombe vya vioo.

"Papa wa Kakuma anakusalimu," nikasema.

"Hajambo?"

"Hajambo. Anauliza kama programu yangu inafanya kazi."

Alikisuuza kikombe alichokuwa nacho, akakikausha, akakiweka kwenye rafu. Akachukua kingine.

"Nilitaka kukuambia," alisema.

"Lini?"

"Nikimaliza."

"Ukimaliza nini, Mwalimu?"

Ndipo akaniambia. Kwa miaka mingi alikuwa amejiandikisha shahada ya uzamivu, chuo kingine, bila kumwambia mtu. Yeye aliyewacheka wenzake kwa karatasi ya mandazi. Aliianza, akakwama, akaiacha, akairudia. Chuo kilikuwa kimempa nafasi ya mwisho, na alikuwa karibu kustaafu. Mada yake nayo ilikuwa leza.

"Wewe una miaka mbele yako," alisema. "Mimi nilikuwa na huu mmoja."

"Na Jumamosi zote zile ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Kukusaidia. Ili usikose kabisa."

"Mimi sikukosa," nikamwambia. "Walinipa."

Baadaye alisema nichukue kompyuta yake, programu imo, bado ina miezi. Miezi ile ingenisaidia nini, mfadhili ameshaondoka? Nilimwambia aendelee nayo. Nilitaka imkae kooni.

Sikumshtaki kwa mkuu wa shule. Si huruma. Nilijaribu kuipanga habari ile kichwani nikaona jinsi ambavyo ingesikika. Yule aliyerudisha kipande cha waya, aliyetunza mbuzi wa jirani, aliyejisema kwa waamuzi, ameiba kitu kisichoshikika, kilichomo ndani ya kompyuta, kutoka kwa binti aliyemfundisha bure. Nani angenielewa? Kwa hiyo nilihamisha kiti changu. Wenzangu walidhani tumegombania ratiba. Yeye aliendelea kunisalimu kila asubuhi na mimi nikaendelea kumwitikia, na huko kuitikia ndiko kulikonichosha kuliko kufundisha.

Alistaafu mwaka uleule. Tulimfanyia karamu ya pilau na soda, wanafunzi wa zamani wakasimama mmoja mmoja kutaja wema wake, na kila walichosema kilikuwa kweli. Nilipigiwa kelele niseme na mimi. Nikasema alinifundisha vizuri, nikakaa.

Watu walitegemea atarudi kwao. Hakurudi. Alipanga chumba Kalokol, karibu na ghuba ya Ferguson wanakoshusha samaki, akawa anawafundisha hesabu watoto wa wavuvi. Nilisikia kwamba chuo kilimrudishia kazi yake airekebishe, na wakati huo leseni ilikuwa imekwisha. Kampuni haikumwongezea. Sikufurahi. Nilidhani ningefurahi.

Mimi nilikuwa nimeendelea peke yangu na programu yetu, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Chuo kilikubali nimalize kwa gharama yangu. Mwisho wa mwaka nilikuwa na mistari yote, ya leza kwenye ubaridi, kwenye joto, kwenye joto kali. Lakini msimamizi wangu aliniandikia kwamba kitu fulani hakimkai sawa, na hawezi kusema ni nini. Nilikaa na jambo hilo mpaka likanishinda. Katika Turkana nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeitazama michoro ile na kujua inasema nini.

Nikaenda Kalokol.

Alikuwa nje ya chumba chake, kivulini mwa ukuta, ameketi juu ya kreti la samaki. Amekonda. Alisimama aliponiona, akasema "Karibu, Madam," kisha akaona hakuna wanafunzi, na hakujua aniite nini. Alinitolea kiti cha plastiki. Sikumwuliza hali. Nilifungua kompyuta nikaigeuzia kwake.

Alivaa miwani. Alitazama muda mrefu, akifunika skrini kwa viganja ili aone vizuri.

"Huu wa joto kali," alisema, "umenyooka mno."

"Nilifuata hesabu."

"Hesabu ni sawa. Ila elektroni zako hazitoroki. Kwenye joto hilo lazima nyingine ziruke ukuta zitoke kwenye tabaka la katikati. Hiyo hatukuiandika."

Niliona palepale kwamba alikuwa sahihi. Lilikuwa jambo dogo, na lilikuwa limenilia mwaka.

"Umejuaje?" nikamwuliza. "Tulipoandika hukulijua hili."

Alivua miwani. Upande wa ghuba wanawake walikuwa wakiita bei ya samaki.

"Niliuona mstari huo," alisema. "Kwenye ile programu."

Ningeweza kufunga kompyuta na kuondoka, na njia nzima kutoka Lodwar nilikuwa nimejiahidi kufanya hivyo akisema neno moja baya. Lakini hakuwa amesema neno baya.

"Unapinda kuanzia wapi?" nikauliza.

Aliinama, akasawazisha mchanga kwa kiganja, akaanza kuchora kwa kidole. Mstari ulipanda, ukanyooka kidogo, ukaanza kulala. Alionyesha mahali unapoanza kulala na sababu yake, polepole, kwa sauti ile ile ya maabara.

"Hiyo ilikuwa yangu, Mwalimu," nikamwambia.

"Najua," alisema, na akaendelea kuchora.

Nilimwacha amalize. Nilihitaji mstari wote.